Maziwa ya Mtoto Yapite

Kwa miezi kadhaa sasa barua zinazofika katika ofisi yetu kutoka kwa akina mama wa Unguja na Pemba zimekuwa zikirejea jambo moja, ingawa kila mmoja hulieleza kwa namna yake. Mama anasafiri kwa ndege na mtoto mchanga. Amefika uwanjani na mkoba wa mtoto, na ndani ya mkoba mna chupa mbili tatu za maziwa, kichupa cha dawa ya homa, mafuta ya kupaka, sabuni ya maji, na maji ya moto katika chupa ya chai. Kwenye mashine ya ukaguzi anaambiwa kwamba vitu vya majimaji haviruhusiwi. Mmoja hunyang'anywa vyote. Wa pili hupitishwa na vyote, hata vile visivyostahili kupita. Wa tatu, kwa kuogopa aibu mbele ya watu, huvitupa mwenyewe kwenye pipa kabla hajaulizwa, akapanda ndege na mtoto ambaye baada ya saa moja atalia kwa njaa.

Hatuandiki leo ili kumlaumu ofisa fulani wala uwanja fulani. Tunaandika kwa sababu jambo hili lina kanuni, na kanuni hiyo imemtengea mtoto fungu lake. Fungu hilo aghalabu halijulikani kwa yule anayestahili kulipata, na mara nyingine halijulikani hata kwa yule aliyewekwa kulisimamia. Matokeo yake ni kwamba maziwa ya mtoto hupita au hayapiti kwa kutegemea nani yupo zamu.

Yafaa kwanza tukumbushe kanuni yenyewe ilikotoka, maana wengi hudhani imebuniwa ili kuwaudhi abiria. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wakipanga kulipua ndege zinazovuka bahari ya Atlantiki kuelekea Marekani na Kanada. Silaha yao ilikuwa baruti ya majimaji, iliyokusudiwa kufichwa katika chupa za vinywaji vya kawaida vinavyouzwa madukani. Watatu kati yao walitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kula njama ya kulipua ndege. Asubuhi ile ile ya tarehe 10 viwanja vya Uingereza viliwazuia abiria wasiingie na karibu chochote mkononi. Pasi, pochi ya fedha, dawa za lazima na vitu vichache vya namna hiyo ndivyo vilivyoruhusiwa, tena ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha.

Twaomba msomaji azingatie jambo hili: hata siku ile, siku ya hofu kubwa, maziwa ya mtoto yaliruhusiwa kupita. Sharti lililowekwa ni kwamba anayesafiri na mtoto ayaonje mbele ya ofisa, chupa kwa chupa. Kama siku ile maziwa yalipita, ni vigumu kuelewa kwa nini yazuiwe leo, siku ya kawaida, katika foleni ya abiria arubaini wanaokwenda kuwatazama jamaa zao.

Baadaye marufuku hayo yalilegezwa, yakawa kanuni tunayoijua. Marekani iliianza tarehe 26 Septemba 2006, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata tarehe 6 Novemba mwaka huo huo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likazishauri nchi wanachama zote ziifuate si baada ya tarehe 1 Machi 2007. Kila kitu cha majimaji, cha rojo, cha mgando au cha kupuliza kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo hivyo vyote vikae katika mfuko mmoja unaoonyesha, wenye ujazo usiozidi lita moja, mfuko mmoja kwa kila abiria. Katika ushauri huo huo dawa, maziwa na vyakula vya watoto wachanga, pamoja na vyakula vya wenye mahitaji maalumu ya kiafya, viliachwa nje ya kipimo hicho. Ofisa ana haki ya kuvihakikisha kwa njia inayofaa. Hakupewa amri ya kuvitupa.

Sababu ya ruhusa hiyo ni hesabu tu. Mtoto wa miezi minne mwenye uzito wa kilo 6, anayelishwa maziwa ya kopo, huhitaji kwa makadirio ya waganga mililita 150 kwa kila kilo moja kwa siku. Hiyo ni mililita 900 kwa siku nzima. Akinywa mara sita, kila mlo ni mililita 150. Basi mtu anayemwambia mama aingize maziwa katika chupa ya mililita 100 amemnyima mtoto theluthi ya mlo wake wa kwanza, na milo mitano iliyobaki ameifuta kabisa. Na safari ya kutoka kisiwani kwetu hadi London kwa kupitia nchi za Ghuba, tukihesabu tangu mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, haipungui saa 15, bado hatujataja ndege iliyochelewa.

Kiasi kinachoruhusiwa, kwa hiyo, ni kile kinachotosha safari. Maneno haya ni mapana, na ndipo ubishi unapozuka. Nani atakayesema kinachotosha? Sisi twaona kwamba ofisa amuulize mama safari ni ya saa ngapi, abadilisha ndege wapi, na mtoto hunywa mara ngapi, kisha ahesabu naye, na juu ya hapo aongeze milo miwili ya dharura, kwa kuwa hakuna aliyepata kuahidiwa kwamba ndege haitachelewa. Chupa nane kwa safari ya usiku kucha na nusu ya mchana si nyingi. Chupa nane kwa safari ya dakika thelathini ya kwenda Chake Chake ni haki kuziuliza.

Wala mchukuzi wa maziwa si lazima awe mama mzazi. Katika visiwa hivi ni jambo la kila siku bibi kusafiri na mjukuu, au shangazi kumpeleka mtoto wa ndugu yake. Bibi anaposema, "Mwanangu, haya ni maziwa ya mjukuu wangu," na mjukuu yupo mgongoni, asidaiwe maelezo zaidi kuliko ambayo angedaiwa mwenye kunyonyesha.

Sasa tugeukie upande wa wasafiri, maana barua zile zile zinaonyesha kwamba nao wanachanganya mambo mawili yasiyofanana. Mtoto ana ruhusa katika kile anachokula, anachokunywa na anachotibiwa nacho. Hana ruhusa katika kile anachoogeshwa na kupakwa. Sabuni ya maji ya mtoto, shampuu yake, losheni yake, marashi yake na mafuta yake ni vyombo vya kujisafisha kama vya mtu mzima, na kipimo chake ni kile kile cha mililita 100. Kopo kubwa la mafuta ya mgando, ambalo takriban kila mtoto wa kwetu hupakwa, ni kitu cha mgando kwa jina na kwa tabia, na litazuiwa. Hapo ofisa hakuonea mtu.

Na kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani yake. Chupa ya mililita 200 yenye mafuta robo tu itazuiwa, ingawa mafuta yaliyomo ni mililita 50. Jambo hili huwakasirisha watu kuliko yote, nao huapa kwamba ofisa hajui kusoma. Anasoma vizuri, anasoma maandishi ya kwenye chupa. Dawa yake ni nyepesi: mafuta yamiminwe nyumbani katika kichupa kidogo kilichoandikwa ujazo wake, na chupa kubwa iwekwe katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.

Mafuta ya nazi yana kisa chake. Hapa kwetu ni majimaji karibu mwaka mzima. Yakifikishwa London mwezi wa Januari yanaganda kama jibini, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za joto. Basi wapo wanaodhani kwamba yakiganda yamekuwa kitu kigumu na kanuni haiyahusu. Kanuni inavihesabu vitu vya mgando sawasawa na vya maji. Hali kadhalika mafuta ya karafuu ya Pemba, ambayo kila msafiri wetu huagizwa awapelekee jamaa: yaende sandukuni, yakiwa yamefungwa barabara, mbali na nguo za mtoto, na hasa mbali na mkono wa mtoto, kwani machache tu yakimezwa na mtoto mchanga ni sumu. Asali nayo iachwe nje ya mkoba wa mtoto kwa sababu mbili. Ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya ukaguzi, ni kwamba waganga wanakataza mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Vitambaa vyenye unyevu vya kumpangusia mtoto havihesabiwi kuwa majimaji, navyo vinaweza kuchukuliwa kwa pakiti. Sabuni ya kipande ni kitu kigumu, nayo inapita. Mama anayechukua kipande cha sabuni, pakiti ya vitambaa, kichupa kimoja cha mafuta na kijaluba kimoja cha dawa ya upele wa nepi amekwisha kutatua sehemu kubwa ya shida yake, na mfuko wake wa lita moja bado una nafasi ya dawa yake ya meno.

Tukiutaja mfuko huo, kuna jambo ambalo tungependa wakubwa wanaohusika walitolee kauli. Kanuni ya anga inataka mfuko wa plastiki unaoonyesha. Sheria zetu za mazingira zinakataza mifuko ya plastiki. Zanzibar ilitangulia, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tangazo la Serikali lililotolewa wakati ule kwa wageni wanaoingia nchini lilisema kwamba mifuko yenye kufungika ya kuwekea vifaa vya kujisafisha ingeruhusiwa, kwa kuwa ilitarajiwa kubaki mikononi mwa mgeni mwenyewe bila kutupwa nchini. Kauli ile iliwahusu wageni. Mwenyeji anayetoka nyumbani kwake Makunduchi au Wete na mfuko kama huo mkononi naye anastahili kuambiwa wazi kwamba hakuvunja sheria, au kama amevunja, aonyeshwe kitu cha kutumia badala yake. Mtu asiwekwe baina ya sheria mbili, kila moja ikimwadhibu kwa kuitii nyingine.

Tumesema kwamba dawa zimo katika ruhusa. Wasafiri wengi wa kisiwani wenye watoto wachanga hawaendi matembezini. Wanampeleka mtoto kutibiwa Dar es Salaam, au mbali zaidi, India. Kwao kichupa cha dawa kikiachwa nyuma ni hatari ya kweli. Dawa ikae katika chupa yake ya asili yenye jina la mgonjwa na maandishi ya duka la dawa, na barua ya hospitali iwe juu kabisa katika mkoba, isiwe chini ya nepi. Dawa nyingi za maji za watoto, kwa bahati, huuzwa katika chupa za mililita 60 au 100, hivyo zingepita hata bila ya ruhusa. Chumvichumvi ya kuongezea maji mwilini ni unga ndani ya pakiti, na haimsumbui mtu.

Kuhusu unga wa maziwa ya kopo, msafiri anayekwenda Marekani atasikia kwamba tangu tarehe 30 Juni 2018 unga unaozidi mililita 350, kiasi cha kopo moja la soda, hukaguliwa zaidi. Unga wa maziwa ya mtoto umeachwa nje ya kanuni hiyo. Na hakika ni kwamba unga ndio njia bora kwa safari ndefu katika joto letu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, lilieleza kwamba unga huo ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 za joto, na kwamba maziwa yaliyokwisha kukorogwa yakikaa bila ya ubaridi yatumike kabla hazijapita saa mbili. Anayekoroga chupa sita alfajiri nyumbani kwake Mwanakwerekwe ili mtoto azinywe hadi usiku amebeba chupa moja ya chakula na tano za maradhi. Achukue unga uliopimwa, kila mlo katika kijaluba chake, na maji yaliyochemshwa katika chupa ya chai. Maji hayo ni ya mtoto, na ofisa yampasa ayatazame kwa jicho lile lile analoyatazamia maziwa. Ndani ya ndege nako maji ya moto hupatikana kwa kuomba, ila yaombwe mapema, na yapozwe vizuri kabla mtoto hajapewa.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yana masharti yake, na hapa nchi zimetofautiana kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyesoma. Uingereza huyaruhusu mkononi katika vyombo vya hadi lita 2 kila kimoja, lakini hukataza yaliyogandishwa, ambayo ni lazima yaende sandukuni. Marekani huyaruhusu yawe ya maji au ya barafu, mtoto awepo au asiwepo, pamoja na vifuko vya barafu vya kuyahifadhi; na mwaka 2016 ilipitishwa sheria huko ya kuilazimisha idara ya usalama wa safari iwafundishe watumishi wake kanuni za maziwa ya watoto. Sheria nzima, katika nchi kubwa kama ile, kwa ajili ya chupa ya mtoto! Tunaitaja ili wakubwa wetu waone kwamba tunaloomba si jambo la kipuuzi.

Kuna akina mama wanaohofu kwamba mionzi ya mashine inaharibu maziwa. Haiharibu. Mionzi hupita katika maziwa kama inavyopita katika nguo, na haiachi kitu. Linaloweza kuyadhuru ni kufunguliwa ovyo, kwa kidole kilichokwisha kugusa mikoba ya watu mia. Ndiyo maana twashauri maziwa yagawanywe katika chupa ndogo ndogo badala ya chupa moja kubwa: ikibidi moja ifunguliwe au ionjwe, zilizobaki zisalimike, na ile iliyofunguliwa mtoto anyweshwe kwanza. Ofisa naye asiguse mdomo wa chupa. Amwombe mama aifungue mwenyewe.

Na yule anayenyonyesha, tukumbushe, ana nafuu kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, bila hata ya maji, na maziwa yaliyomo kifuani hayana kipimo cha mililita. Ndege inapopaa, na zaidi inapoteremka, mtoto anyonyeshwe au apewe chupa, kwa sababu kumeza humfungulia masikio yanayoumwa kwa mabadiliko ya hewa. Hii pia ni sababu ya kutaka maziwa yawe mkononi, yasiwe tumboni mwa ndege. Lakini mama huyu mwenyewe huhitaji kunywa maji mengi. Achukue chupa tupu, aijaze baada ya kuvuka ukaguzi. Viwanja vyetu navyo viwe na mahali pa kuijazia maji safi bila ya malipo. Si haki kumvua mtu maji yake mlangoni kisha kumuuzia mengine ndani kwa bei ya mtalii.

Tunadhani chanzo kimoja cha mkanganyiko huu ni bahari. Wengi wetu tumejifunza kusafiri kwa boti. Abiria wa boti ya Dar es Salaam hupanda na kikapu, chupa ya chai, bakuli la uji na ndoo ya samaki, na hakuna anayemuuliza mililita. Mazoea hayo tunayahamishia kwenye ndege. Tena ndege zenyewe si za namna moja: zile ndogo za baina ya visiwa zinajali zaidi uzito, nyingi zikiweka kikomo cha kilo 15 kwa abiria pamoja na mizigo yake yote, na zinataka mkoba laini usio na pembe, zile kubwa za ng'ambo zinajali mililita. Mwenye kutoka Pemba kwenda Maskati kwa kupitia Unguja atakutana na kanuni zote mbili kabla ya adhuhuri. Waliokwenda Hija na Umra wamekwisha kuonja hali hii, kwani wanajua kwamba maji ya zamzam huja yamefungwa katika boksi lake, wala hayaingii mkononi. Elimu ile ya zamzam yafaa ienezwe hadi kwenye maziwa.

Wapo watakaotuambia kwamba kanuni yenyewe inakaribia kufa. Ni kweli kwamba mashine mpya zinazoona ndani ya chupa zimekwisha kufungwa kwingi, na mwaka 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham vilianza kuruhusu chupa za hadi lita 2 kwa kila abiria. Hilo ni jema. Lakini msafiri apimwaye kwa mashine mpya asubuhi aweza kupimwa kwa mashine ya zamani jioni anapobadilisha ndege, na losheni iliyopita kwa amani Birmingham ikaishia pipani njiani. Mpaka siku ambayo viwanja vyote atakavyopitia vimebadilika, afungashe kwa kufuata kile kilicho kikali kuliko vyote. Nasi kwa upande wetu hatuna haja ya kungoja mashine za thamani ili tuyapitishe maziwa, maana hayakuwahi kukatazwa.

Basi tunaziomba mamlaka za viwanja na za usafiri wa anga, za Zanzibar na za Muungano, zitazame mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, maelezo yatolewe mahali panapofaa. Mabango tuliyoyaona huonyesha chupa iliyopigwa mstari mwekundu, nayo husimama penye mashine ya ukaguzi, ambapo sanduku kubwa limekwisha kupimwa na kwenda zake. Hapo msafiri hana tena pa kuweka kopo lake la mafuta isipokuwa pipani. Bango likae kabla ya mizani. Wauza tiketi nao, wanapoandika jina la mtoto katika tiketi, wampe mzazi karatasi ya maelezo wakati huo huo, siku nyingi kabla ya safari.

Pili, kanuni ya mtoto iandikwe katika karatasi moja, kwa Kiswahili, na kila ofisa wa ukaguzi awe nayo mezani, ili mama akisema "haya yanaruhusiwa" pawe na kitu cha kutazamwa na wote wawili. Iseme wazi kwamba maziwa, maji ya mtoto, uji, chakula cha kusagwa na dawa vinapita kwa kiasi cha safari. Iseme pia kwamba sabuni, losheni na mafuta havipiti kwa kisingizio cha mtoto. Karatasi hiyo itamlinda ofisa kama itakavyomlinda mama. Ofisa kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye hajapata kulea, anaogopa kosa lisije likaandikwa kwa jina lake, na mtu mwenye hofu hukataa kila kitu.

Tatu, kila zamu iwe na mwanamke mmoja wa kushughulikia wenye watoto, na meza safi pembeni ya foleni, ili chupa zisifunguliwe juu ya mkanda unaopita viatu. Pale panapokuwa na nafasi, kitengwe chumba kidogo chenye kiti, mlango na maji, kwa ajili ya kunyonyesha na kukamua. Inapotokea kitu cha mtoto kimezuiwa kwa haki, mama apewe muda wa kukikabidhi kwa jamaa waliomsindikiza, ambao kwa desturi yetu huwa bado wamesimama nje wakingoja ndege iondoke. Hapo kopo la mafuta litarudi nyumbani.

Bango tulilolitaja liandikwe kwa Kiswahili kwanza na lugha nyingine chini yake. Lichorwe chupa mbili: ya marashi yenye alama ya kukataza, na ya maziwa ya mtoto yenye alama ya ruhusa. Herufi zake ziwe kubwa za kusomeka na mtu mwenye mtoto begani na pasi mdomoni, na lianzie uwanja wa Pemba, kwa sababu ndiko wanakoanzia safari wale wenye njia ndefu kuliko wote.